Nyuma ya Tangi Hakuna Salamu

Anti Nekesa alitaka nije niwaongeleshe ana kwa ana, nyinyi mnaoanza kazi likizo hii. Nikamwambia afadhali niandike. Akasema, "Kumbe hata kustaafu unastaafu kwa haya." Ni kweli. Nyumbani wanacheka nikisema nimestaafu, maana sijafika hata miaka ishirini, lakini nimefanya kazi hii kila likizo tangu kidato cha pili, na sasa shule imeisha, naenda chuo Eldoret. Kama mimi si mstaafu, basi sijui mstaafu ni nani.

Kazi yenyewe mmeshaelezwa na Anti, ambaye ndiye msimamizi wetu na ndiye atakayewapigia simu asubuhi mkichelewa. Tunatafuta kujua watu wa mji huu wanapenda kukaa wapi nje, kwa nini wanapapenda, na wangeumia kiasi gani pakiondolewa. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mama yangu, anayesuka nywele Kenyatta Market, alidhani ni utapeli. "Mtu analipwa kuuliza mwenzake kama anapenda nyasi?"

Mama anaweza kumshika mkono mgeni anayepita akienda kula nyama choma, akamkalisha kwenye kiti, na mgeni akakumbuka njaa yake nywele zikiwa zimeshasukwa nusu. Mimi kwake nimerithi paji la uso tu. Nawaambieni hivi ili yule kati yenu ambaye anatetemeka akifikiria kumwendea mtu asiyemjua asidhani amekosea mlango. Mimi nilikuwa nazunguka Uhuru Park mara tatu nikichagua mtu wa kumhoji, na nilipomaliza kuchagua alikuwa ameondoka.

Kwanza kabisa, hiyo kadi ya shingoni igeuzeni au itieni mfukoni. Nairobi mtu mwenye kadi shingoni amekuja kukuondoa kwenye nyasi, kukuuzia bima, au kukuuliza ukifa leo utaenda wapi. Siku yangu ya kwanza mama mmoja wa njugu alinyanyua karai lake na kutokomea kabla sijafungua mdomo. Soja mmoja, mlinzi wa mlangoni kwa watu, aliyekuwa ametoka zamu, amelala zake chini, aliponiona na kadi aliruka akasimama wima na mkono wake ukaenda pembeni, kama anayefungua geti. Tuliangaliana. Hakukuwa na geti. Alicheka yeye, na mimi nikaenda kujificha chooni.

La pili ni hewa safi. Ukimuuliza Mkenya kwa nini anapenda mahali fulani, atakwambia hewa safi. Hakudanganyi. Anakupa jibu ambalo anadhani utalipeleka vizuri kwa wakubwa wako, kama anavyokupa kiti kizuri ukimtembelea. Likizo yangu ya kwanza nilirudisha hewa safi tupu. Anti Nekesa alisoma majibu yangu, akavua miwani, akaniuliza, "Minayo, hawa watu uliwahoji bustanini ama kwa wadi ya kifua?"

Ndipo akanifundisha ile njia ambayo mtaitumia nyinyi pia. Usimuulize mtu anapenda wapi. Mwambie akupeleke. Kisha nyamaza, tembea kando yake, si mbele, si nyuma, na uangalie miguu yake inapopunguza mwendo.

Niliijaribu kwa Mzee Gurdip. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Westlands, sasa ameliacha, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa upande wetu wa Lavington na Muthangari. Ni mzee wa kilemba cha buluu anayesalimia kila kitu chenye uhai. Husalimia mbwa kwa majina yao. Nilipomuuliza kwa nini huja Nyasini kila asubuhi alisema, bila shaka, hewa safi. Nyasini ndivyo watu wanavyokiita kile kiwanja cha wazi kilicho kati ya mitaa hiyo miwili, chenye njia ya kutembelea, viti vichache na tangi kubwa la maji ambalo halijawahi kutiwa maji.

"Nipeleke," nikamwambia.

"Wapi? Si tuko hapa?"

"Mahali pako."

Akanitazama kidogo, kisha akaanza kutembea. Alipita viti vyote. Alipita maua. Akasimama kwenye kipande cha saruji kilichopasuka karibu na ua, mahali ambapo mimi nilikuwa napita kila siku nikidhani ni takataka ya ujenzi.

"Hapa," akasema, "mimi nilifundisha watoto yangu baiskeli. Wote watatu. Ukisukuma kutoka hapa, inateremka pole pole, hawezi anguka vibaya."

Alikuwa ameinama kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitu hewani, vidole vimekunjwa kabisa, na nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ameshika kiti cha baiskeli. Alitembea nacho hatua chache. Kisha akakiachilia, akasimama akiangalia kule njia inakoishia.

"Wako Kanada sasa," akasema.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kazi hii ina kitu kama hicho ndani yake. Nilikuwa nadhani ardhi ni ardhi. Siku ile nilirudi nyumbani nikikanyaga polepole, kwa sababu sikujua tena ni kitu cha nani nilichokuwa nakikanyaga.

Sasa niwaambie habari ya tangi, maana najua Anti atawaambia kwa ufupi, na kwa ufupi haitoshi.

Magari yalikuwa yamekuwa mengi, yanaegeshwa hadi kwenye milango ya watu. Kamati ikaamua kwamba pembe moja ya Nyasini iwekwe lami, magari yakae hapo. Lakini pembe ipi? Mzee Gurdip ndiye aliyesema waulizwe wanaopatumia. Tukaitwa sisi. Makubaliano yalikuwa rahisi: tuwahoji watu, tuchore ramani ya mahali wanapopapenda, na pembe ambayo hakuna mtu ameitaja ndiyo ichukuliwe.

Mimi nikapewa upande wa nyuma ya tangi. Ni mteremko tu, nyasi ndefu kidogo, hakuna kiti, hakuna njia. Ukiwa upande wa mbele huuoni. Nilikwenda Jumapili alasiri, nikazunguka tangi, na nikakuta watu wamelala. Walikuwa wengi. Wasichana wa kazi waliokuwa kwenye ofu, siku yao ya kupumzika, masoja wamevua buti, na mwanaume mmoja wa bustani niliyemfahamu kwa sura. Kila mmoja mbali na mwenzake, chali, kimya kabisa.

Nikafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Nikawasalimia. "Hamjambo?"

Ilikuwa kama kumwaga maji juu ya siafu. Wote waliketi. Watatu wanne walijibu, "Hatujambo," kwa sauti ile ya kazini, na wengine walianza kutafuta viatu. Soja mmoja alifunga vifungo vya shati hadi juu. Nikasema samahani, jambo ambalo lilizidisha balaa, kwa sababu sasa ilibidi waseme si neno. Baada ya muda mfupi mteremko ulikuwa mtupu na mimi nimesimama katikati yake na kalamu.

Nilirudi Jumapili iliyofuata. Sikusalimia. Lakini utamhojije mtu bila kumsalimia? Jaribuni. Nilisimama kando ya msichana mmoja hadi akafumbua jicho moja, akalifumba, akanigeuzia mgongo. Jioni Anti Nekesa aliangalia ramani, akaona pembe zote zina alama zake, na nyuma ya tangi peupe.

"Hakuna watu?"

"Wapo, Anti. Hawaongei."

"Basi kwa ramani hawapo," akasema, na niliona hakupenda maneno yake mwenyewe.

Aliyenifungulia mlango ni Mama, bila kujua. Nilikuwa Kenyatta Market namshikia nyuzi, na kwenye kiti alikuwepo Everlyne, mteja wake wa kila mwezi, dada wa Vihiga anayefanya kazi ya nyumba Lavington. Mama, kama kawaida yake, akaanza kunianika.

"Huyu wangu kazi yake ni kuuliza watu maswali, na hawezi kuuliza bei ya nyanya."

"Maswali ya nini?" Everlyne akauliza.

"Ati wanapenda kukaa wapi. Saa hizi amekwama na watu wa nyuma ya tangi, hawamtaki."

Everlyne aligeuka ghafla hadi Mama akampiga bega. "Tulia, nitakusuka sikio."

"Ni wewe ulitusalimia?" akaniuliza.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yeye alicheka, akacheka hadi kiti kikatikisika, na Mama akamtishia tena.

"Kuja Jumapili nikupeleke," akasema. "Lakini usiongee. Na hiyo mambo yako usiandike. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Jumapili ile alinisubiri barabarani, tukasalimiana hukohuko vizuri, akaniuliza habari za Mama, kisha tulipofika kwenye tangi akanyamaza kama mtu aliyezima redio. Akavua viatu. Akalala. Nikalala mbali naye kidogo, kama walivyofanya wote.

Sijui niwaelezeje. Mimi nimeogopa salamu maisha yangu yote. Nikiona watu watano mbele yangu njiani, moyo unaanza kupanga nani nitamwamkia kwanza na nani ataona nimemruka. Hapo kulikuwa na watu zaidi ya ishirini na hakuna aliyenidai chochote. Walikuja mmoja mmoja, wakazunguka tangi, wakachagua mahali, wakashuka chini kama wanaoteremsha mzigo, na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilisikia mtu akipumua. Nilisikia nyasi. Mawingu yalikuwa yanapita kutoka upande wa Ngong na nikagundua kwamba sijawahi kuyaangalia nikiwa kati ya watu. Nililia kidogo, machozi yale ya kuingia masikioni, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Nilikuwa nimeingia kanisani mara nyingi na sijawahi kukuta kimya cha namna hiyo.

Tulipotoka, barabarani, ndipo Everlyne akaongea.

"Kule kwa nyumba jina langu linaitwa kutoka asubuhi. Everlyne chai, Everlyne mtoto, Everlyne soksi iko wapi. Hao masoja, kila gari ni saluti, kila mgeni ni karibu. Sasa mtu akipata ofu yake, tena aanze kusema niaje, sijambo, nyumbani wako aje? Hapo hakuna mtu anajua jina ya mwingine. Huyo soja hulala karibu na mimi tangu mwaka jana. Simjui."

"Nani alianzisha?"

"Sijui. Mimi nilipata ikiwa hivyo."

Nikamwambia basi pembe hiyo lazima iingie kwenye ramani. Akakataa. Nikamweleza habari ya lami, kwamba pembe isiyotajwa ndiyo itachukuliwa. Alisimama.

"Mama Tasha si ni wa hiyo kamati?"

Mama Tasha ndiye mwajiri wake. Ni mama mwenye moyo mzuri, nisieleweke vibaya, lakini ni wa wale wasioweza kutafuta kijiko bila kuita mtu. Jumapili moja Everlyne alizima simu na Mama Tasha akatuma watoto wakamtafute mtaa mzima, kwa sababu kiberiti kilikuwa hakionekani.

"Akijua niko wapi," Everlyne akasema, "sitakuwa na pahali tena. Ukiandika, napoteza. Usipoandika, napoteza. Heri usiandike."

Hapa mnisikilize vizuri. Mtu akikukataza, huandiki. Hata kama unaona anakosea, hata kama moyo unakuuma. Nilimpelekea Anti Nekesa ramani ikiwa na peupe palepale, nikamwambia najua kitu na siwezi kukisema. Nilitegemea anikemee. Aliikunja ramani tu. "Umeahidi?" "Nimeahidi." "Basi."

Kamati ikaipokea ramani, ikaona peupe, ikafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Wakapanga kwenda kupima, na kwa kuwa siku nyingine wana shughuli, wakachagua Jumapili alasiri. Jambo moja nililoweza kufanya bila kuvunja ahadi ni kumpigia Everlyne nimwambie siku hiyo asiende, wanakuja, na Mama Tasha yumo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Jumapili ni ofu yangu."

Nilikwenda na kamati. Mbele Mzee Gurdip, kisha Mama Tasha na mwavuli wake, kisha fundi mwenye tepu ya kupimia, nyuma mimi na Anti. Mama Tasha alikuwa anaeleza magari mangapi yataingia. Tukazunguka tangi.

Walikuwepo wote. Na wa kwanza kabisa, karibu na njia tuliyoijia, mahali ambapo hakuwa akilala kamwe, alikuwepo Everlyne na gauni lake la njano la kanisani, chali, mikono imetandazwa, macho yamefungwa.

Fundi alikuwa ameshavuta tepu. Ilifanya kelele, akaikamata kwa vidole kama mtu anayemziba mtoto mdomo. Mzee Gurdip, ambaye husalimia mbwa, alikuwa ameshainua mkono. Niliuangalia ule mkono. Ulibaki juu. Macho yake yalitembea kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, polepole, hadi kwenye buti za soja zilizopangwa vizuri kando ya kichwa chake, na nikaona anapajua. Hakuwa amewahi kufika hapo, lakini alipajua, kama anavyokijua kile kipande chake cha saruji.

Mama Tasha alimwona Everlyne. Nikaona midomo yake ikijikunja kulianza jina.

"Huyo ni wa kwangu," akanong'ona.

"Leo ni Jumapili," Mzee Gurdip akamnong'oneza.

Everlyne hakutikisika. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona koo lake linapiga. Alikuwa macho, alisikia kila neno, na bado alilala palepale. Hakuna kitu kikubwa kuliko hicho nilichowahi kuona mtu akifanya bila kusogea.

Mzee Gurdip aliinama akavua viatu. Sijui kwa nini, labda ni desturi ya hekaluni kwao, au labda aliona wengine wamevua. Akavishika mkononi, akageuka, akapita katikati yetu kurudi alikotoka, na sisi sote tukamfuata kwa vidole vya miguu, fundi akiwa amekumbatia tepu yake kifuani.

Upande wa mbele ndipo sauti zilirudi. "Lakini kwa ramani hakuna kitu hapo," Mama Tasha akasema, na hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa. "Mbona hawakusema?"

"Waliombwa waongee, wakakataa," Anti Nekesa akajibu. "Na kukataa kuongea si kusema hawapendi."

"Sasa magari tutaweka wapi?"

"Kwa geti," Mzee Gurdip akasema. "Kama haitoshi, mtu atembee. Ni afya." Bado alikuwa hajavaa viatu.

Kwa hiyo lami iko kwenye kipande kidogo cha getini, pa kuingilia Nyasini, na haitoshi, na watu wananung'unika mpaka leo. Nyuma ya tangi hapakuguswa. Mkitumwa huko, zungukeni kwa upole, vueni viatu, laleni. Msichukue kalamu.

Nilidhani hadithi imeisha hapo, na kwa muda mrefu niliisimulia ikiishia hapo. Kisha nikakutana na Everlyne barabarani Jumapili moja, saa ile ya ofu, amevaa vizuri, lakini anaelekea upande mwingine kabisa, upande wa Muthangari.

"Huendi kwa tangi?"

"Siku hizi siendi."

Nikadhani amekatazwa. Akatikisa kichwa. "Mama Tasha alifurahi sana. Alininunulia mkeka wa kulalia. Mkeka mzuri, Minayo. Ati nisilale kwa baridi. Na hanitumii watoto, siku hizi anakuja mwenyewe, anachungulia tu kwa tangi, aone kama niko sawa, anarudi."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri. Lakini nikilala hapo, nalala kwa mkeka wake."

Nikamuuliza kama siku ile alijua itakuwa hivyo, alipolala karibu na njia ambapo ataonekana wa kwanza.

"Nilijua."

"Na ukaenda?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Mmoja akiamka, wote wanaamka. Sasa hao wengine wangeenda wapi?"

Magari yalipita. Alirekebisha mkoba begani. Nikamuuliza anaenda wapi sasa, kama salamu tu, na nilipoyasikia maneno yangu nikajua nimeuliza swali la kazi. Yeye pia alijua. Akatabasamu.

"Nimepata pahali pengine," akasema. "Msalimie Mama."

Akavuka barabara, akaingia njia ya kati ya kuta mbili za mawe. Nilisimama upande wangu hadi nikawa na hakika kwamba hata kama ningetaka, nisingeweza tena kujua amekata kona wapi.